Saratani ya ovari na rangi ya ngozi: takwimu za Marekani zinasema nini hasa

Takwimu za saratani zinapotolewa nchini Marekani, sentensi mbili huanza kuzunguka mitandaoni kwa pamoja. Ya kwanza husema kwamba saratani ya ovari huwapata wanawake weupe zaidi kuliko weusi. Ya pili husema kwamba mwanamke mweusi aliyepata saratani hiyo ana uwezekano mdogo zaidi wa kuwa hai miaka mitano baadaye. Anayezisoma haraka haraka huona zinapingana, na kila mtu huokota ile inayomfaa: mmoja huamua kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, mwingine huamua kwamba mwili wa mwanamke mweusi una udhaifu fulani wa kuzaliwa nao. Sentensi zote mbili ni za kweli. Maamuzi yote mawili ni ya uongo, na yamepotoka mahali pamoja, yaani katika kuchanganya swali la nani huugua na swali la nini humpata akishaugua.

Inafaa kuanza na maneno, maana mkanganyiko mwingi umezaliwa humo. Ovari, ambazo wengi huziita mifuko ya mayai, ni viungo viwili vidogo vilivyo kila upande wa mfuko wa uzazi; humo ndimo mayai hutunzwa na kupevuka, na humo ndimo homoni kadhaa za kike hutengenezwa. Saratani ya ovari nayo si ugonjwa mmoja, bali ni kundi la magonjwa yanayoitwa kwa jina moja. Ile aina inayoonekana zaidi, ambayo pia ni kali na husambaa tumboni mapema, inakadiriwa kuwa takriban asilimia 70 ya saratani zote zinazotoka kwenye utando wa ovari, na watafiti wamegundua kwamba mara nyingi haianzii hata kwenye ovari zenyewe bali kwenye ncha za mirija ya uzazi. Zipo pia aina nyingine zilizo nadra zaidi, zenye tabia zake na namna zake za kuitikia dawa.

Halafu kuna vipimo vitatu vya kitakwimu ambavyo magazeti huvichanganya kila siku. Kiwango cha wagonjwa wapya ni idadi ya wanawake wanaogunduliwa na ugonjwa kwa mwaka katika kila wanawake 100,000. Kiwango cha vifo ni idadi ya wanaokufa kwa ugonjwa huo kwa mwaka, nacho pia huhesabiwa katika wanawake 100,000 wote, wazima kwa wagonjwa. Kiwango cha kuishi miaka mitano ni kitu kingine kabisa: wanaohesabiwa hapo ni wagonjwa peke yao, na swali ni wangapi kati yao wako hai miaka mitano baada ya kugunduliwa, wakilinganishwa na wanawake wa rika lao wasio na saratani hiyo.

Sasa tuviweke vipimo hivyo kazini. Wanawake wapatao 20,000 hugunduliwa na saratani ya ovari nchini Marekani kila mwaka, na zaidi ya 12,000 hufa kwa sababu yake. Katika maisha yake yote, mwanamke 1 kati ya 90 hivi ndiye ataipata, ilhali saratani ya matiti humpata mwanamke 1 kati ya 8. Kwa hiyo huu ni ugonjwa wa nadra, lakini ukiingia huua. Kwa mgawanyo wa rangi, wanawake weupe kati ya 10 na 11 katika kila 100,000 hugunduliwa kwa mwaka, na weusi kati ya 8 na 9. Kiwango cha kuishi miaka mitano kwa weupe kinakaribia asilimia 50, na kwa weusi kiko kwenye asilimia 40 na ushei. Kiwango cha vifo ndicho kinachowashangaza wengi: kwa weupe ni takriban 6 katika 100,000 kwa mwaka, na kwa weusi ni pungufu kidogo ya hapo.

Inawezekanaje kundi lenye nafasi ndogo ya kuishi likawa na kiwango cha vifo kilicho chini kidogo? Chukua mitaa miwili yenye nyumba idadi sawa. Katika mtaa wa kwanza nyumba kumi hushika moto kwa mwaka, na kwa kuwa gari la zimamoto hufika mapema, tano huokolewa. Katika mtaa wa pili nyumba nane tu ndizo hushika moto, lakini gari huchelewa na zinazookolewa ni tatu. Nyumba zilizoteketea ni tano huku na tano kule. Mtu anayehesabu majivu peke yake atasema mitaa hiyo haina tofauti, na ofisa atakayepeleka ripoti hiyo kwa wakubwa wake hatakuwa amesema uongo hata kidogo. Ila mwenye nyumba inayowaka katika mtaa wa pili anajua kwamba kuna jambo limefichwa.

Swali la kwanza: nani huugua

Sababu kubwa ya saratani ya ovari ni umri. Nusu ya wanaogunduliwa Marekani wana miaka 63 au zaidi. Baada ya umri, mambo mengi yanayopandisha au kushusha hatari yanahusiana na historia ya uzazi ya mwanamke. Kila mimba inayotimia hupunguza hatari, na kunyonyesha pia. Vidonge vya kupanga uzazi vikitumiwa kwa miaka kadhaa huipunguza kwa kiasi kikubwa, na nafuu hiyo huendelea kwa miaka mingi hata baada ya kuviacha. Kufunga kizazi kwa kufunga mirija hupunguza hatari. Kwa upande wa pili, kutozaa kabisa, uzito uliokithiri, matumizi ya homoni baada ya kukoma hedhi, na endometriosisi, yaani hali ya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, huongeza hatari kwa viwango tofauti.

Ukiyatazama mambo hayo moja moja, utaona kwamba yamegawanyika bila usawa kati ya makundi ya wanawake wa Marekani kwa sababu za kihistoria na za kijamii. Kwa wastani, wanawake weusi wa vizazi vilivyotangulia walizaa watoto wengi kidogo kuliko weupe, na kufunga kizazi kumekuwa njia iliyotumika zaidi miongoni mwao; hayo yanavuta hatari chini. Lakini wametumia vidonge vya kupanga uzazi kwa kiwango kidogo, wamenyonyesha kwa muda mfupi zaidi, na uzito uliokithiri ni tatizo kubwa zaidi kwao. Hayo yanaivuta juu. Tofauti ya wagonjwa wawili katika 100,000 ni jumla ya mivutano ya namna hiyo, na sehemu yake kubwa inaweza kuelezwa bila kuigusa ngozi ya mtu.

Kuna jambo jingine ambalo huachwa nje ya mazungumzo ya kawaida kwa sababu linachosha, nami naona ndilo linalofundisha zaidi kuhusu takwimu. Kiwango cha wagonjwa wapya hupatikana kwa kugawanya idadi ya wagonjwa kwa wanawake wote, wakiwemo wale ambao ovari zao zilikwisha kutolewa kwa upasuaji, ambao kwa hakika hawawezi kuugua kama wengine. Wanawake weusi wa Marekani hufanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi mara nyingi zaidi kuliko weupe, hasa kwa sababu ya fibroidi, yaani uvimbe usio wa saratani katika mfuko wa uzazi, na katika baadhi ya upasuaji huo ovari na mirija huondolewa pamoja nao. Kwa hiyo sehemu ya ule uchache wa wagonjwa weusi huenda si kinga ya mwili bali ni alama ya kisu cha daktari.

Vipi kuhusu jeni? Jeni zina nafasi kubwa, ila si kwa namna inayodhaniwa. Takriban saratani moja kati ya tano za ovari hutokana na kasoro za kurithi, nyingi zikiwa katika jeni mbili zinazoitwa BRCA1 na BRCA2. Mwanamke mwenye kasoro hatari ya BRCA1 ana uwezekano wa asilimia 39 hadi 58 wa kupata saratani ya ovari maishani; kwa BRCA2 ni asilimia 13 hadi 29. Kasoro hizi zipo katika kila jamii ya wanadamu. Katika idadi ya watu kwa jumla mwenye nazo ni takriban 1 kati ya 400, lakini miongoni mwa Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wale wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, ni 1 kati ya 40. Sababu ni ya kihistoria: jamii iliyoanza na watu wachache, ikaoana yenyewe kwa yenyewe kwa karne nyingi, hurithishana kasoro zile zile za mababu. Katika madaftari ya Marekani Wayahudi hao huandikwa weupe, sawa na mtu wa asili ya Ireland au Italia. Kwa hiyo hata lile kundi la weupe, ambalo wengi hulifikiria kama kitu kimoja, limeficha ndani yake watu wanaotofautiana mara kumi kwa uwezekano wa kuwa na kasoro hizi.

Makundi haya yalitengenezwa na nani

Makundi ya rangi yanayotumika katika takwimu za afya za Marekani hayakutoka maabara. Yalipangwa na ofisi ya serikali inayoshughulikia bajeti na usimamizi, yakarekebishwa mwaka 1997, na yakarekebishwa tena mwaka 2024, ambapo watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini walitengewa kundi lao baada ya kuhesabiwa kwa muda mrefu kuwa weupe. Mwanamke wa asili ya Misri anayeishi Chicago hakubadilika jeni hata moja siku hiyo; aliyebadilisha ni karani.

Kundi la weusi linamweka pamoja mwanamke ambaye mababu zake walipelekwa Amerika kama watumwa, daktari aliyehamia kutoka Nigeria, mkimbizi kutoka Somalia na mhamiaji kutoka Haiti. Watu wenye asili ya Afrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za kijeni kuliko wanadamu wengine wote, hivyo hili ndilo kundi ambalo kwa kibaiolojia lina sababu ndogo zaidi ya kuitwa kundi moja. Hali ni hiyo hiyo kwa Waasia, ambamo Mjapani, Mfilipino, Mvietnamu na Mhindi hujumlishwa pamoja. Takwimu huonyesha kwamba wanawake wa Kiasia wa Marekani huishi muda mrefu zaidi baada ya kugunduliwa na saratani ya ovari kuliko weupe na weusi, na mara huvumishwa kwamba wana mwili imara au chakula chao kina siri. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba, hasa kwa wanawake wa asili ya Asia ya Mashariki, zile aina nadra zinazohusiana na endometriosisi huwa na sehemu kubwa zaidi, na aina hizo mara nyingi hugunduliwa zikiwa bado ziko mahali pamoja. Mojawapo ya aina hizo ikiwahi kusambaa huitikia dawa vibaya kuliko ile ya kawaida, jambo ambalo wastani wa kundi zima hulifunika.

Hapa niongeze tahadhari kwa msomaji wa Afrika anayekutana na takwimu hizi. Zinahusu wanawake wanaoishi Marekani, wenye historia zao za uzazi, hospitali zao na bima zao. Mwanamke wa Afrika hawezi kuichukua ile asilimia 40 na ushei akaifanya makadirio ya maisha yake kwa sababu tu ngozi yake inafanana na ya waliohesabiwa.

Swali la pili: nini humpata aliyeugua

Hapa ndipo pengo linapouma, na historia yake ndiyo ushahidi mzito zaidi dhidi ya wale wanaolihusisha na damu. Daftari la kitaifa la saratani la Marekani linakusanya taarifa tangu mwaka 1973. Kwa wanawake waliogunduliwa kati ya mwaka 1975 na 1977, kiwango cha kuishi miaka mitano kwa weupe kilikuwa asilimia 35, na kwa weusi kilikuwa asilimia 42. Ndiyo, weusi walikuwa mbele. Miaka ishirini baadaye, kwa waliogunduliwa kati ya 1995 na 1997, mizani ilikuwa imegeuka: weupe walikuwa asilimia 43, weusi 36. Tangu hapo weupe wameendelea kupanda, na weusi wamejikongoja mpaka karibu na pale walipokuwa katika miaka ya 1970.

Idadi ya wanawake weusi katika daftari la wakati ule ilikuwa ndogo, kwa hiyo zile asilimia saba za mwanzo zisichukuliwe kama hesabu kamili. Lakini mwelekeo hauna utata. Jeni za watu hazigeuki ndani ya miaka ishirini. Kilichogeuka katika kipindi hicho ni tiba: dawa ya sisplatini iliidhinishwa nchini humo mwaka 1978, paklitakseli ikaidhinishwa kwa saratani ya ovari mwishoni mwa mwaka 1992, na upasuaji wa kuondoa uvimbe wote unaoonekana tumboni ukawa utaalamu unaojitegemea. Kundi moja lilipanda pamoja na maendeleo hayo, jingine likabaki karibu pale pale.

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba wanawake weusi huchelewa kwenda hospitali. Kwa ugonjwa huu hoja hiyo haitoshi, kwa sababu saratani ya ovari huwachelewesha wote. Dalili zake ni tumbo kujaa gesi au kuvimba, maumivu ya nyonga, kushiba haraka na kwenda haja ndogo mara kwa mara, mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyapuuza kwa wiki kadhaa. Ni kama mgonjwa mmoja tu kati ya watano anayegunduliwa saratani ikiwa bado haijatoka kwenye ovari, na huyo ana nafasi ya zaidi ya asilimia 90 ya kuishi miaka mitano. Aliyegunduliwa saratani ikiwa imesambaa mbali ana nafasi ya karibu asilimia 30. Mgawanyo wa weupe na weusi katika hatua hizo haupishani sana. Na hata ukiwachukua wanawake waliogunduliwa katika hatua ile ile, pengo linabaki.

Inabidi basi kuangalia kinachotokea baada ya jibu la daktari. Tiba inayokubalika ina nguzo mbili. Ya kwanza ni upasuaji unaolenga kutobakiza uvimbe wowote unaoonekana kwa macho, na kazi hiyo huhitaji daktari bingwa wa saratani za viungo vya uzazi vya wanawake, si daktari wa upasuaji wa jumla wala hata daktari wa kawaida wa wanawake. Ya pili ni tibakemikali, kwa kawaida karboplatini ikiunganishwa na paklitakseli, kwa kipimo kamili na kwa ratiba isiyokatika. Mwaka 2013 mtafiti Robert Bristow na wenzake walichapisha uchambuzi wa zaidi ya wagonjwa 13,000 wa jimbo la California, wakaona kwamba ni asilimia 37 tu waliopata tiba iliyofuata miongozo ya kitaifa. Waliotibiwa katika hospitali zinazopokea wagonjwa 20 au zaidi wa ugonjwa huu kwa mwaka ndio waliopata tiba sahihi mara nyingi zaidi. Ieleweke kwamba asilimia hiyo ni ya wagonjwa wote, weupe wakiwemo. Tiba pungufu ni tatizo la wengi, ila tafiti za namna hii zimeonyesha mara kwa mara kwamba mwanamke mweusi, mwanamke maskini na mwanamke asiye na bima ya kutosha ndio wanaoangukia upande wa tiba pungufu zaidi.

Tuitazame tibakemikali kwa karibu, kwa sababu ni mahali ambapo upungufu hauonekani hata kwa mgonjwa mwenyewe. Kipimo cha dawa nyingi za saratani hukokotolewa kutokana na ukubwa wa mwili. Mgonjwa akiwa mnene sana, madaktari wengi walizoea kuishusha hesabu kwa kuogopa sumu, na matokeo yake ni kwamba mwili mkubwa ulipewa dawa ya mwili mdogo. Chama cha madaktari wa saratani wa Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2012 kikishauri kwamba wagonjwa wanene wapewe kipimo kamili kulingana na uzito wao, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya ovari waliopunguziwa kipimo waliishi muda mfupi zaidi. Kwa kuwa unene uliokithiri umeenea zaidi miongoni mwa wanawake weusi, mazoea yanayoonekana kuwa ya huruma kwa mgonjwa mmoja mmoja yanageuka kuwa pengo yakijumlishwa.

Je, tiba ikisawazishwa, pengo hufungika? Majibu hayajakubaliana, na ni haki msomaji aambiwe hivyo. Mwaka 2009 uchambuzi wa majaribio ya kitabibu, ambamo wagonjwa wote hupewa dawa zile zile kwa utaratibu ule ule, uliona kwamba wanawake weusi na weupe wenye saratani ya ovari iliyosambaa waliishi takriban sawa. Mwaka ule ule uchambuzi mwingine wa majaribio, ulioendeshwa na mtandao tofauti wa watafiti, uliona kwamba katika saratani ya ovari wanawake weusi waliendelea kufa mapema zaidi hata katika majaribio. Wapo waliokimbilia utafiti wa pili kuwa ndio uthibitisho wa jeni. Hitimisho hilo linaruka hatua nyingi. Kuwa katika jaribio moja hakusawazishi shinikizo la damu, kisukari, miaka ya kuishi bila bima kabla ya kuugua, wala tiba inayopatikana baada ya jaribio kwisha saratani inaporudi. Baiolojia ya uvimbe inaweza kuwa na mchango, na uchunguzi wake ni halali. Ila hadi sasa sehemu iliyothibitika vizuri zaidi ya pengo hili ni ile inayopitia mikononi mwa binadamu.

Vipimo vilivyoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine

Kipimo cha damu kinachojulikana zaidi kwa saratani ya ovari hupima protini iitwayo CA-125. Mpaka wake wa kawaida ni uniti 35 kwa mililita. Juu ya hapo daktari huanza kushuku. Mpaka huo ulianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukitokana na tafiti za wanawake ambao wengi wao walikuwa weupe. Tangu hapo imebainika kwamba wanawake weusi wasio na saratani, kwa wastani, wana CA-125 ya chini zaidi. Maana yake ni kwamba protini hiyo inaweza kupanda kwa kiasi cha kutisha katika mwili wa mwanamke mweusi na bado ikasomeka chini ya 35. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024 uliona kwamba wagonjwa weusi na wa jamii za Wenyeji wa asili wa Amerika walikuwa na uwezekano mdogo kuliko weupe wa kuwa na kipimo kilichovuka mpaka wakati wa kugunduliwa, ingawa saratani walikuwa nayo. Wengi huona hapa dalili ya tofauti ya kibaiolojia, nami siikatai. Lakini madhara yake hayatokani na damu ya mwanamke bali na mstari uliochorwa bila kumhesabu.

Fibroidi nazo huongeza giza. Kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wa Marekani huwa nazo, ingawa nyingi hazina dalili. Zenye dalili husababisha tumbo kuwa zito, nyonga kubana na haja ndogo ya mara kwa mara, yaani karibu orodha ile ile ya saratani ya ovari. Mwanamke aliyekwisha kuambiwa ana fibroidi akirudi na malalamiko hayo, jawabu liko tayari mezani kabla hajapimwa.

Isidhaniwe kwamba dawa ya haya yote ni kumpima kila mwanamke. Nchini Uingereza wanawake zaidi ya 200,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, wengine wakipimwa CA-125 au ultrasaundi kila mwaka, na matokeo ya mwisho yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba upimaji huo haukupunguza vifo. Jopo la wataalamu wa kinga la Marekani linashauri wanawake wasio na dalili na wasio na hatari ya kurithi wasipimwe, kwa sababu majibu ya uongo huwapeleka wengi kwenye upasuaji wasiouhitaji. Na kipimo cha mlango wa kizazi, ambacho wengi hudhani kinakagua kila kitu huko ndani, kimetengenezwa kwa saratani ya mlango wa kizazi, si ya ovari.

Kuhusu poda

Kwa kuwa swali la kama poda husababisha saratani ya ovari halikosi kuulizwa, tulipitie. Poda ya talki, yaani madini laini yaliyosagwa, imetumiwa sehemu za siri na wanawake weusi wa Marekani zaidi kuliko weupe, na kampuni maarufu ya poda za watoto iliacha kuuza poda yenye talki Marekani na Kanada mwaka 2020 baada ya kesi nyingi mahakamani. Tafiti zilizowauliza wagonjwa kuhusu matumizi yao ya zamani zimeona uhusiano na saratani ya ovari. Utafiti uliojumlisha wanawake wapatao 250,000 walioulizwa kabla ya kuugua, uliotolewa mwaka 2020, haukuona ongezeko la kuthibitika. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo hueleza uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Kwa vyovyote poda haiwezi kueleza pengo la kuishi, maana inahusu nani huugua, na tumekwisha kuona kwamba wanawake weusi ndio wanaougua kidogo zaidi.

Pengo linalokua sasa

Miongozo ya Marekani inataka kila mwanamke aliyegunduliwa na saratani ya ovari apimwe jeni, awe na ndugu waliougua au asiwe nao. Utafiti wa wagonjwa wa majimbo ya California na Georgia waliogunduliwa mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba waliopimwa hawakufika hata theluthi: weupe walikuwa karibu asilimia 34, weusi karibu 22. Mwishoni mwa mwaka 2014 huo huo ndipo iliidhinishwa olaparibu, dawa ya kwanza ya kundi linalofanya kazi vizuri zaidi kwa wagonjwa wenye kasoro za BRCA. Mgonjwa asiyepimwa hajulikani kama anaistahili, hivyo hawezi kuandikiwa kwa msingi huo, hata kama kasoro anayo.

Anayepimwa naye anaweza kurudishiwa jibu la aina ya tatu, lisilo ndiyo wala hapana: jeni ina tofauti, lakini haijulikani kama ina madhara. Wanawake weusi hupata jibu hilo mara nyingi zaidi, kwa sababu hazina za kumbukumbu ambazo maabara hulinganisha nazo zilijazwa zaidi na taarifa za watu wenye asili ya Ulaya. Jibu hilo halipaswi kuwa sababu ya kuondoa ovari, wala si uthibitisho wa usalama. Tofauti nyingi za namna hiyo, kadiri watu wengi zaidi wanavyopimwa, huja kuonekana hazina madhara, na maabara hutoa ripoti iliyorekebishwa. Ni vyema mgonjwa aulize baada ya mwaka mmoja au miwili kama jibu lake limebadilika.

Kipimo hicho hakimhusu mgonjwa peke yake. Mama mwenye kasoro ya BRCA humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, wa kike kwa wa kiume. Binti akijulikana mapema anayo, anaweza kuondolewa mirija na ovari akishamaliza kuzaa, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40 kwa mwenye BRCA1 na kati ya 40 na 45 kwa mwenye BRCA2, na upasuaji huo hushusha hatari yake ya saratani ya ovari kwa takriban asilimia 80. Mtoto wa kiume naye apimwe, kwa kuwa anaweza kuipitisha kasoro kwa binti zake mwenyewe bila yeye kuugua chochote.